Mizunguko Mitano ya Boay

Sogeeni, nina jambo limenishinda kuliamua.

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzi tu, katika chuo kimoja cha ualimu huko Mbulu, alikuwako mwanafunzi mkimbiaji aitwaye Boay. Katika mita elfu kumi, wenzake walimwona mgongo tu.

Boay akapendana na Restituta, waliyesoma naye darasa moja. Mwaka haujaisha, mama yake Restituta akafariki. Siku ya mazishi ikawa ndiyo siku ya mashindano ya vyuo. Boay alijua. Akakimbia, akashinda, jioni akafika msibani.

Restituta akamwambia, "Tumeshazika. Rudi ulikotoka."

Akarudi. Akaomba radhi, akakataliwa. Akaandika barua, ikarudi haijafunguliwa. Ndipo akaacha maneno, akashika jembe. Kila likizo alikwenda kumlimia baba yake Restituta, Mzee Sulle. Likizo ya kwanza mzee hakuitikia salamu. Likizo ya pili akampa maji. Likizo ya tatu akamwita bintiye: "Mwanangu, kijana huyu analijua kosa lake. Mimi nimesamehe. Moyo wako ni wako."

Restituta akamfuata Boay shambani. "Sikukatazi kukimbia. Lakini siku nikikuita, utakuja?"

"Hata nikiwa katikati ya mbio, nitakuja."

Wakarudiana.

Mwaka wa mwisho zikaja mbio za kuchagua timu ya taifa, na wa kwanza peke yake ndiye angechukuliwa. Uwanja ulikuwa mlimani, hospitali bondeni. Asubuhi hiyo Mzee Sulle akaanguka, akakimbizwa hospitali. Akasema, "Niitieni Boay. Nataka niwaunganishe mikono ningali hai."

Restituta akashika simu. Akafikiri: kijana amelima likizo tatu, amekimbia miaka mitatu, leo nimtoe uwanjani? Akampigia Mwalimu Gwandu, kocha wa Boay. "Mwalimu, baba ana hali mbaya, anamtaka Boay. Lakini nakuomba, usimwambie mpaka amalize."

"Nimekusikia, binti yangu."

Mbio zikaanza, mizunguko ishirini na mitano. Kocha akanyamaza mzunguko wa kwanza. Akanyamaza wa kumi. Akanyamaza wa kumi na tisa, na moyo unamuuma. Wa ishirini ulipokwisha, uzalendo ukamshinda. Akapaza sauti: "Boay! Mzee Sulle yuko hospitali, anakuita!"

Boay akasikia. Alikuwa mbele. Ilibaki mizunguko mitano, dakika sita hivi. Akauma meno, akaongeza kasi. Akashinda. Hakungoja medali, akateremka mbio hadi hospitali na viatu vyake vya misumari. Akaingia wodini, akamkuta nesi ndiyo kwanza anamfunika mzee uso. Mkono wa mzee ulikuwa bado na joto.

Baada ya matanga wakaketi watatu.

Restituta akasema, "Nilificha kwa kuwa nilimpenda, nikataka ashinde. Lakini aliposikia, mbona hakutoka? Aliahidi hata katikati ya mbio."

Boay akasema, "Niliahidi kuja ukiniita, nawe hukuniita. Niliambiwa mzee ananiita, sikuambiwa anakata roho. Nilidhani nikimaliza haraka nitawahi yote mawili."

Kocha akasema, "Ningesema mapema, ningemsaliti binti. Ningenyamaza, ningemsaliti kijana. Mzigo ule haukuwa wangu, nilibebeshwa."

Restituta akasema, "Boay, sijakufukuza. Lakini mkono wangu siutoi mpaka nijue ni nani aliyemnyima baba haja yake ya mwisho."

Boay akajibu, "Nitangoja. Kungoja nimeshajifunza."

Na hivi nisemavyo, bado anangoja. Basi ninyi mliosikia, msiwahurumie, amueni: aliyeficha, aliyechelewa kusema, na aliyesikia akaendelea kukimbia. Je, ni nani kati yao aliyevunja ahadi?