Kutandika Si Kuchuria

Kutandika si kuchuria. Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo leo asubuhi, mkaangaliana, na mmoja wenu akaguna. Nilimwona. Sasa mnakuja kuniuliza yametoka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyepewa funguo za ghala la methali. Haya, kaeni, na wewe uliyeguna sogea karibu. Kuchuria mnakujua: ni kumletea mtu mkosi kwa kulitangulia jambo lake, kama kumchimbia mgonjwa kaburi angali anapumua. Basi methali hii ina mwenyewe, na kilichoizaa ni kitanda cha watu waliokuwa wakiishi hapa hapa Muheza, upande wa nyuma ya mashamba ya michungwa.

Aliitwa Bi. Mwantumu, mjane, mama wa mtoto mmoja tu, Mgaza. Huyo Mgaza alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, na alikuwa ameoa binti mpole mwenye akili zake, Sikudhani. Wote watatu waliishi nyumba moja. Msije mkadhani nawaletea hadithi ya mavyaa na mkwe kugombania sufuria. Hawa walipendana, wakiitana mama na mwanangu, na ilikuwa kweli. Kilichoitesa nyumba ile ni hofu.

Hofu hiyo Bi. Mwantumu aliipata ujanani. Kabla ya Mgaza alishika mimba nyingine, ya kwanza, na furaha ilimjaa hata hakutulia. Alishona vikofia, akajaza sufi kwenye kimto, akatundika susu chumbani, ile bembea ya kulazia mtoto. Mtoto akazaliwa, hakulia. Siku ya maziko, akiwa amejilaza ndani, akawasikia wanawake uani wakinong'ona, "Alitandika mapema." Basi, maneno hayo yakamwingia mwilini yasitoke tena. Alipombeba Mgaza hakuweka akiba hata kitambaa. Mkunga alimpokea mtoto kwa kanga kuukuu, na mtoto akaishi. Baada ya hapo nani angemwambia kitu?

Miaka ikapita, mimba ya Sikudhani ikakua. Alipofika hospitali kupimwa, waliona mtoto amelala kikingamo na hageuki. Daktari akamwambia hatajifungua kwa njia ya kawaida. Atapasuliwa, na siku yake akapangiwa kabisa, Jumatatu. Muuguzi mmoja akamkalisha pembeni akamfundisha. Alimwambia atarudi nyumbani na mshono tumboni, na kwa wiki kadhaa asipande mahali pa juu, asichuchumae, wala asinyanyue kitu kizito kumzidi mtoto wake. Kwa hiyo nyumba itengenezwe kabla hajaondoka. Kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa nyayo zinagusa sakafu, chooni pawe na kitu cha kukalia, na maji, dawa na nguo za mtoto viwe mahali ambapo mkono unafika bila kujinyoosha.

Sikudhani alirudi nyumbani akiogopa, maana kisu ni kisu, hata kikishikwa na daktari. Lakini alikuwa na kazi ya kufanya, na kazi ilimpunguzia. Kitanda chao kilikuwa samadari ya Bi. Mwantumu mwenyewe, aliyowapa walipooana, ndefu ya miguu ya kukereza. Kuipanda ni mpaka ukanyage kigoda. Mgaza akaazima msumeno ili aikate miguu. Akachukua kiti kibovu, akakitoboa katikati, kikawa kiti cha kuweka juu ya tundu la choo. Mke wake akapanga nguo za mtoto kwenye meza karibu na mto.

Bi. Mwantumu akatokea kisimani na ndoo yake kichwani. Akamkuta mwanawe amepiga magoti chini ya samadari na msumeno mkononi, na zile nguo ndogo zimekunjwa mezani zinangoja. Aliitua ndoo chini, maji mengine yakamwagika, akaketi mlangoni.

"Mwanangu," akamwambia Sikudhani, "mtoto hajalia bado. Unamtandikia nani?"

Sikudhani akaeleza kwa adabu kwamba kitanda si cha mtoto, ni chake mwenyewe, atakaporudi na mshono. Hapo ndipo alipoharibu. Bi. Mwantumu akasema kumtandikia mzima kitanda cha ugonjwa ni kumwita huo ugonjwa kwa jina. Akaanza kulia, na hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu anayeona gari linakuja na mtoto yuko barabarani. Akamsimulia ile habari ya susu, ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Akaahidi kwamba Sikudhani akirudi hatashika kitu, yeye ndiye atakuwa mikono yake na miguu yake.

Mngefanyaje ninyi? Mkwe mwenye malezi hashindani na machozi ya mavyaa yake. Sikudhani akazirudisha nguo kwenye sanduku, ukutani upande wa pili wa chumba. Mgaza akarudisha msumeno kwa mwenyewe, na kiti akakitupa bandani kwa mbuzi. Mioyo ikatulia kidogo.

Jumatatu ilipofika walikaa kwenye benchi la hospitali, mama na mwana. Kila mlango ulipofunguliwa Bi. Mwantumu aliangalia sura ya anayetoka kwanza, kabla hajaangalia mikono yake. Mwishowe akatoka muuguzi na mtoto wa kike anayelia kwa hasira zote, na mama yake mzima. Bi. Mwantumu akamshukuru Mungu mpaka watu wakamgeukia. Moyoni akajiambia kwamba lile sanduku lililofungwa ndilo lililowaokoa. Alikosea, lakini nani angeweza kumwambia siku ile?

Sikudhani akarudishwa nyumbani kwa gari la kukodi. Na msimwonee Bi. Mwantumu, kwa maana ahadi yake aliitimiza. Alipika uji wa pilipili manga, akafua, akateka maji, akamwogesha mtoto, hakumwacha mkwe wake ashike hata kijiko. Lakini mikono ya mtu haiwezi kufupisha miguu ya kitanda. Kila Sikudhani aliposhuka kwenye samadari aliuma pindo la kanga asipige kelele. Chooni alichuchumaa ameshikilia ukuta kwa mikono yote miwili. Hakusema, aliona haya. Na mama akiona jasho usoni mwake alidhani ni machungu ya kila mzazi, yatapita na arobaini.

Mshono ukaanza kutoa maji. Sikudhani akauficha kwa kanga nyingine juu ya ile ya kwanza.

Asubuhi moja Bi. Mwantumu alikwenda kisimani. Mtoto akalowana, akalia, na nguo zake ziko kwenye sanduku, kule ukutani. Sikudhani akangoja, akamwita mama, kimya. Akaamua kushuka mwenyewe. Mguu ukakikosa kigoda, akaporomoka, na ubavu ukapiga kwenye mbao ya kitanda. Alisikia kitu tumboni kikiachana kama kitambaa kinachochanwa.

Bi. Mwantumu aliporudi alikuta mkwe wake sakafuni, kanga imelowa damu na maji yenye harufu, mwili wa moto, na mtoto analia peke yake juu ya kitanda. Nimesikia watu wakisimulia kwamba alipiga yowe. Hakupiga. Mwenyewe alisema sauti ilimkauka, akawa anafungua mdomo hakitoki kitu, mpaka akakimbilia barabarani na kuwapungia watu mikono.

Hospitali daktari hakuahidi lolote. Alisema jeraha lilishaoza ndani kabla ya kuanguka, sumu imeingia kwenye damu, watalifungua tena walisafishe, na wao wamwombee. Mgaza akashika ukuta. Sikudhani alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, macho yamemwiva kwa homa, akamvuta mama mkwe wake kwa ncha ya kanga.

"Mama," akasema, na ilibidi Bi. Mwantumu ainame ili amsikie, "mimi nilitandika kwa sababu nilitaka kurudi."

Wakamsukuma ndani.

Bi. Mwantumu akarudi nyumbani kuchukua kanga safi, Mgaza akabaki na mtoto kwa wauguzi. Alipoingia chumbani akaiona ile samadari, shuka limevutika hadi sakafuni pale alipoanguka Sikudhani, mtoto wa watu. Akasimama hapo. Alitaka kutoka, miguu haikumpeleka. Na hofu iliyomshika wakati ule ilikuwa ya pande mbili, wanangu. Akikiacha kitanda kilivyo, Sikudhani akirudi kitamwua. Akikikata sasa, mgonjwa yuko kwenye kisu na hata daktari hajui kama atatoka, je, si ndiko kule kule kutandika mapema? Alikwisha kuzika mmoja. Aliona kama anaambiwa achague kwa mkono wake mwenyewe.

Akatoka, akaenda kwa jirani yake Bi. Mashavu kuazima msumeno wa mumewe. Hakueleza wa nini. Akarudi, akaipindua samadari ubavuni, akapima mguu mmoja kwa goti lake, akaanza kukata. Mti ulikuwa mgumu na yeye hakuwahi kushika msumeno maisha yake. Ulikwama, ukaruka, ukamchuna kidole. Kila akivuta alisikia sauti za uani zikimwambia alitandika mapema, alitandika mapema, na alikuwa akilia huku anakata.

Bi. Mashavu hakuweza kuvumilia kutojua. Akaja, akachungulia, akajishika kifua.

"Mwenzangu, mgonjwa angali hospitali, hajulikani ataamka au la, na wewe unamtengenezea kitanda? Huogopi?"

"Naogopa," akasema Bi. Mwantumu. Akaurudisha msumeno kwenye mkato. "Naogopa, Mashavu. Lakini kutandika si kuchuria. Nishikie huu mguu."

Bi. Mashavu hakuushika. Aliondoka, na mnamjua mtu wa namna hiyo, hakufika kwake kabla ya kupita kisimani. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na maneno yale mdomoni, na yalisemwa kwa kejeli. Mtu akiona mwenzake anafua shuka jeupe, humwambia kutandika si kuchuria, kamwulize Mwantumu, na kicheko. Walikuwa wakingoja waone gari litarudisha nini.

Yeye akaendelea. Miguu yote ya samadari ikakatika, mmoja ukapungua kidogo, akauwekea kipande cha ubao. Akakitoa kile kiti bandani, akakisugua kwa majivu na maji ya moto, akakipeleka chooni, akakikalia mwenyewe kukijaribu. Akazitoa nguo za mtoto sandukuni, akazipanga karibu na mto. Na kila alipomaliza jambo moja alikimbia hospitali kuangalia kama hajaua mtu. Akimkuta Sikudhani anapumua, anarudi kufanya jingine. Siku za mwanzo homa haikushuka hata kidogo, na daktari akipita hakuwatazama usoni. Bi. Mwantumu alikuwa hali chakula, lakini aliporudi nyumbani alikung'uta godoro.

Homa ikaanza kushuka pole pole. Mshono ukashonwa upya, ukashika. Sikudhani akarudishwa nyumbani amekonda hata bangili zinamtoka, ameshikwa huku na huku, mtoto amebebwa na baba yake. Wale wa kisimani walikuwa wamejaa barazani. Wakamwona anaingia chumbani, anageuka taratibu, anakaa kitandani, na nyayo zake zote mbili zinatua sakafuni. Akazitazama. Hakuuliza nani amekata. Akakiona kidole cha mama mkwe wake kilichofungwa kitambaa, akakichukua akakiweka shavuni mwake, wakalia wote wawili. Hata Bi. Mashavu alitoka nje kupenga kamasi. Tangu siku ile watu wakayasema maneno yale bila kucheka.

Najua mnalotaka kuniuliza, nalisoma machoni. Je, kama angekufa? Angekufa, wangesema tena uani kwamba Mwantumu alitandika mapema, na sisi leo tusingekuwa na methali. Lakini isingekuwa kweli, kama vile haikuwa kweli siku alipomzika yule mtoto wake wa kwanza. Mauti hayangoji kukaribishwa kwa shuka. Anayerudi ndiye anayengojewa na shuka. Bi. Mwantumu alilijua hilo kabla hajaujua mwisho, na ndiyo sababu namheshimu.

Hofu haikumtoka. Wajukuu walipofuata alizitandaza nguo zao mapema huku midomo inamcheza, anasoma dua kila mkunjo. Kwa hiyo mkimwona mtu anatayarisha jambo gumu huku anatetemeka, msimgunie. Methali hii haikutoka kinywani mwa jasiri. Aliyeitamka kwanza alikuwa mwanamke aliyejaa woga, damu kidoleni, hajui kama mkwe wake ataiona kesho, na bado akaomba ashikiwe mguu wa kitanda. Kutandika si kuchuria.