Taa ya Hilali na Jini Mlinda Maneno

Hapo kale Sultani Ghaithi bin Mardasi alitawala Shamsabadi, mji wenye upepo mwingi na makarani wengi zaidi, na ada ya mji ilikuwa kwamba aliyebuni kitu husimama mbele ya diwani, yaani baraza la mji, akakitamka, na jini Hafidhu, mtumwa wa pete ya Sultani, akamzuia kila mwingine asikitengeneze. Lakini Hafidhu alilinda yaliyotamkwa tu, wala hakuongeza lake.

Basi Hilali mfua shaba akabuni taa isiyozimwa na upepo, na moyo wake ukaruka, kwani Sheikh Mundhiri, katibu wa diwani, alikuwa ameapa kutomwoza binti yake Raihana kwa mtu ambaye kazi yake yaweza kuibwa na kila mpita njia.

"Ni taa ya shaba," akatamka Hilali kwa mahaba, "yenye kofia ya matundu ya mshazari, na mpini wa mpingo, na njiwa amechorwa ubavuni!"

Katibu akaandika huku machozi yakimlengalenga kwa uzuri wa maneno.

Haukupita muda, jirani yake Jabiri akatundika dukani taa zile zile, ila za bati. Hilali akamkimbilia jini.

"Hafidhu, huoni?"

"Naona, bwana wangu. Ni za bati, tena hazina njiwa. Wewe ulitaka shaba na njiwa. Mimi ni nani hata nikupunguzie?"

"Njiwa wako mzuri, jirani," akasema Jabiri. "Mtunze."

Sheria iliruhusu kutamka upya, na Hilali, kwa hasira, akanena, "Taa yoyote isiyozimwa na upepo!" Papo hapo jini akaruka akang'oa taa za vioo barazani kwa Sultani, na Sultani akabaki gizani akikitafuta kinywa chake kwa kijiko.

"Hilali, mwanangu," ikatoka sauti gizani, "taa za babu yangu umezibuni lini?"

Tamko likabatilishwa, naye akapewa nafasi ya mwisho.

Kesho yake Raihana akaja karakanani pamoja na shangazi yake. "Wewe unaipenda taa hii hata huioni," akasema. "Toa mpini."

Akautoa, wakaiweka taa penye upepo, na moto ukawaka.

"Mkwangue njiwa."

"Raihana!"

"Mkwangue."

Akamkwangua taratibu, kama anayemkata mtoto kucha, na moto ukawaka. Wakaivika kofia ya udongo, na moto ukawaka. Wakaivika kofia yenye matundu yaliyonyooka, upepo ukaingia, na moto ukafa. Wakatazamana katika moshi wakicheka.

Mbele ya diwani Hilali akasema, "Ni taa yenye kofia ya kitu chochote, iliyotobolewa matundu ya mshazari, ili upepo uuzunguke moto usiupige."

Katibu akangoja, kalamu juu. "Na...?"

"Basi, sheikh."

Taa za Sultani, zisizo na tundu, zikabaki mahali pake, na zile za Jabiri zikaruka zenyewe hadi kwa Hilali. Jabiri akaja kuomba ruhusa, akapewa kwa fungu la faida, na wote wawili wakatajirika.

Na mwenye kutaka kuhifadhi alicho nacho, na ajue kwanza kiini ni kipi na pambo ni lipi. Siku ya harusi kadhi alimuuliza Hilali iwapo amekubali kumwoa Raihana, na watu wakajiweka sawa kwa hotuba ndefu.

"Nimekubali," akasema Hilali, akanyamaza.