Msikiti Uliofungwa kwa Mapenzi

Paukwa!
— Pakawa!
Nyumba ya mawe?
— Ina mlango!
Na mlango?
— Una wenyewe!
Na wenyewe?
— Ndio sisi hapa!

Hapo kale, mji wa Mwambeni ulikuwa na msikiti uliojengwa na mababu wa mababu. Boriti za mikoko, kuta za chokaa, na kizingiti kilicholika kwa miguu hata kikabonyea katikati. Ulikuwa mzuri, jamani! Bi Mwatime aliufagia kila alfajiri, na kila Ijumaa akafukiza ubani.

Chini ya ukuta alikaa Mama Mchwa, ana njaa. Akamtuma mwanawe wa kwanza: "Kaonje boriti."

Akarudi mbio. "Mama, kuna miguu!"

Akamtuma wa pili. "Mama, kuna ufagio!"

Akamtuma wa tatu. Huyo akarudi akikohoa. "Mama, kuna moshi!"

"Basi tungoje," akasema Mama Mchwa.

Jumbe Shekue, mtawala wa mji, aliupenda msikiti ule kupita kiasi. Siku moja akakitazama kizingiti, akashtuka. "Miguu yenu itaumaliza! Tunu hii ifungwe, isiguswe." Akafunga, ufunguo akauvaa shingoni. Watu wakawa wanaswali uani, wamenuna.

Mama Mchwa akatuma tena. Miguu? Hakuna. Ufagio? Hakuna. Moshi? Hakuna.

"Haya wanangu, kuleni!"

Bi Mwatime akipita nje akasikia: kru, kru, kru. Akaenda mbio kwa Jumbe.

"Jumbe, msikiti unaliwa."

"Nimeufunga. Nani ataingia?"

Kesho yake akaenda tena.

"Jumbe, msikiti unaliwa."

"Nimeufunga. Nani ataingia?"

Siku ya tatu akaketi barazani kwa Jumbe, miguu kainyoosha. "Siondoki. Mle ndimo baba yangu alimofungishwa ndoa, mle ndimo mume wangu alimoswaliwa. Masika yakija msikiti utaanguka, nawe utabaki kupenda kifusi."

Jumbe akaenda kufungua ili amwaibishe mbele ya watu. Mlango ulipolia tu kufunguka, boriti ikadondoka puu! miguuni pake. Ndani ya boriti tupu, imeliwa yote. Jumbe akalia mbele ya mji mzima.

"Nilimfungia nani, Bi Mwatime?"

"Ulitufungia sisi tunaoupenda, ukawaachia wanaoula."

Hapakulala mtu. Wanaume wakaenda kukata mikoko, wanawake wakabeba chokaa, watoto wakateka maji. Na Jumbe? Bi Mwatime akamkabidhi ufagio. "Anzia mihrabuni." Akafagia, akafagia, akafagia, hata akafika kizingitini, akasimama pale palipobonyea. Unyayo wake ukakaa sawasawa.

Tangu siku ile, jumbe mpya wa Mwambeni hatawazwi mpaka afagie msikiti.

Funzo ni hili: nyumba ya ibada hutunzwa kwa kuingiwa. Na Mama Mchwa? Yupo, anangoja.

Hadithi naiweka hapa mlangoni: tamu yake gawaneni, chungu yake nirudishieni. Ila kesho mwingine aisimulie, isije ikaingia mchwa. Wewe unayesinzia pale, zamu yako!