Mbegu Iliyokosa Moshi

Hapo zamani, na si zamani ile ya kusingizia majini na mazimwi, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Kwemzitu, yaani penye msitu. Jina lilibaki, msitu ukaondoka. Wanawake walikata kuni karibu, wakakata mbali, wakakata mbali zaidi, mpaka chemchemi ikaanza kutoa tope. Na kila mtu alimjua aliyemaliza miti: ni jirani yake.

Katika kijiji hicho aliolewa Sikudhani. Alitoka bonde la pili, kwa watu wa mihogo na migomba, akaletwa kwa Shemboza, mwanamume mpole, mpole kupita kiasi. Humo nyumbani alimkuta mama mkwe, Bi Mwavita, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi. Jiko lilikuwa la mafiga. Mafiga yale Bi Mwavita aliwekewa siku alipoingia nyumbani humo akiwa bibi harusi, na hapo ndipo alipompikia mumewe mpaka alipomzika. Juu ya mafiga kulikuwa na dari, na darini yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake. Mwiko wa nyumba ulikuwa mmoja: mke wa mwana hatii mkono darini maadamu mama mkwe yu hai.

Sikudhani akazaa mtoto, akamwita Tunu. Tunu akakohoa. Akakohoa masika, akakohoa kiangazi, akakohoa mpaka akawa anatapika maziwa. Akitolewa nje hutulia, akirudishwa jikoni huanza upya. Mama hahitaji mganga wa kumfasiria jambo kama hilo.

Basi akaenda kwao, akajifunza kwa shangazi yake kufinyanga jiko la udongo, lenye tumbo la kushika moto na bomba la kutolea moshi nje. Jiko hilo huivisha chungu cha maharage kwa vijiti vya kuokota, shoka likabaki ukutani. Aliporudi akamwambia mumewe, "Baba Tunu, nataka kujenga jiko."

Shemboza akasema, "Jenga."

"Na mama je?"

"Mama niachie mimi."

Akaachiwa, naye akaacha. Bi Mwavita alikwenda msibani kijiji cha jirani, na huku nyuma jiko likajengwa, mafiga yakang'olewa, Shemboza akayaviringisha hadi nyuma ya choo. Mama yake aliporudi akayakuta huko. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya. Mmekua."

Moshi ukatoka nje. Tunu akaacha kukohoa, akanenepa. Macho ya Bi Mwavita yakaanza kupona. Mdomo wake haukushukuru, lakini macho hayajui kununa. Sikudhani hakupanda tena mlimani na shoka. Majirani wakamcheka, wakaliita jiko lake kichuguu. Baadaye wakaja kuchungulia. Baadaye wakaja na udongo wao wakasema, "Hebu tuoneshe." Akawaonesha mmoja mmoja, bila hiana. Visiki vikachipua, chemchemi ikatakata, watu wakaanza kusema kwamba wao tangu hapo walikuwa wakipenda miti.

Mngependa niishie hapo, mpige makofi, mkalale. Sitaki.

Kwa maana moshi ule, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa na kazi. Ndio uliowafukuza fukusi, wadudu watoboao punje, kwenye mbegu. Sikudhani hakulijua hilo, kwa kuwa kwao mhogo hupandwa kijiti na mgomba hupandwa chipukizi. Mbegu ya kutundika hakuiona mpaka alipoolewa.

Asubuhi moja akaona unga mweupe juu ya jiko lake. Akapangusa. Kesho yake akaukuta tena, akapangusa. Siku iliyofuata akainua macho darini, kisha akayashusha. "Ni mwiko," alijiambia. Lakini haukuwa mwiko peke yake. Sikudhani alijua nusu. Alijua kuna kitu kinatafunwa kule juu, na alijua kwamba akifungua kinywa, watu watasema moshi urudi. Moshi ukirudi, kifua cha Tunu nacho kitarudi kule kule. Akapangusa. Kila asubuhi akapangusa.

Mawingu ya kupandia yalipojikusanya, Bi Mwavita akamwambia mwanawe apande ngazi ashushe mbegu. Mahindi yakashuka mepesi. Wakayapukuchua, ikatoka vumbi na maganda ya punje. Fukusi walikuwa wamemaliza mbegu ya Bi Mwavita, ya mama yake, na ya bibi yake aliyemzaa mama yake. Mwanamke yule akalia, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Sasa, Kwemzitu walikuwa na desturi. Nyumba ikifiwa na mbegu, wanawake wa kijiji huichangia, kila mmoja konzi yake. Ila kwanza nyumba imtaje aliyeiua. Aliyetajwa hutoka, asilale chini ya paa lile mpaka mbegu mpya ivunwe, na neno lake juu ya jiko la nyumba ile hufa. Walisema nyumba inayoficha ugonjwa wake haipewi mbegu.

Wanawake wakaja uani na vikapu. Wengi wao walikuwa wamejengewa majiko na mikono ya Sikudhani, na mbegu zilizojaa vikapuni zilikuwa nzima, zinang'aa. Bi Kidawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Poleni sana. Haya, mtajeni, mvua haitusubiri."

Bi Mwavita akanyoosha kidole. "Ni huyu. Aling'oa mafiga yangu mimi nikiwa msibani. Angeyaacha, moshi ungekuwapo. Moshi ungekuwapo, mbegu ingekuwapo."

Sikudhani akapiga magoti. "Mama, sikuua mimi. Nilijenga jiko kwa ajili ya mtoto. Wote hapa wana jiko lile lile, na mbegu zao hizi hapa nzima. Jiko lingekuwa ndilo muuaji, si zao zingekufa pia?"

"Sisi tulizitia majivu, tukazifungia mitungini," akasema Bi Kidawa. "Mama mkwe wako ndiye aliyetufundisha, pale chemchemini. Kwani wewe hakukwambia?"

Sikudhani akageuka akamtazama mama mkwe wake. Alihisi uchungu wa mtu aliyenyimwa neno moja na mtu anayempakulia chakula kila siku.

Bi Mwavita akasema, "Sikumwambia. Sikuua mimi, ila sikumwambia. Aliyeng'oa mafiga yangu kwa kunivizia hakutaka neno langu. Nami ningelipeleka wapi? Lakini nilimwambia mwanangu. Nilimwambia, moshi umehama, na mbegu ihame. Mimi ngazi siiwezi tena. Akanijibu, kesho, mama." Akajifuta uso kwa kanga. "Nilidhani italiwa kidogo tu. Kiasi cha mmoja wenu kuja kuniuliza, mama, tufanyeje. Nilikuwa nakaa pale nje nangoja kuulizwa."

Shemboza akainamisha kichwa. "Sikuua mimi. Mama alisema, ni kweli. Lakini tangu jiko lijengwe kila alilosema lilikuwa lawama. Nikadhani na hilo ni lawama, nikaliacha lipite. Nilikuwa nataka amani."

"Na wewe, Sikudhani," akasema Bi Kidawa, "fukusi wakila, unga hudondoka. Hukuuona?"

Sikudhani angeweza kukana. Hakuna aliyekuwa amemwona akipangusa. Akamtazama Tunu, aliyekuwa akivutavuta vikapu vya watu, kisha akasema, "Niliuona. Niliuona nikaufuta. Niliogopa mtalivunja jiko."

Basi, wasikilizaji wangu, nyinyi wenye majibu ya haraka, angalieni msikate kabla ya kupima. Akitoka Sikudhani, atarudi kwao peke yake, kwa kuwa mtoto aliyeacha ziwa ni wa kwa baba yake. Neno lake juu ya jiko litakufa, mafiga yatarudishwa kutoka nyuma ya choo, na Tunu atalala kwenye moshi bila mama. Na atakuwa ametolewa na wanawake waliopumzika kupanda mlima kwa sababu yake.

Akitoka Bi Mwavita, hana kaka, hana dada, hana pa kubisha hodi. Atalala kibandani shambani, katika baridi ya mlima, mzee aliyeokoa mbegu za kijiji kizima isipokuwa yake. Uzee haumngojei mtu mpaka mavuno.

Akitoka Shemboza, jembe limetoka. Nani atavunja ardhi ile ngumu? Ajuza na mwanamke mwenye mtoto, wawili wasiosemezana, na majirani kila mmoja ana shamba lake. Mbegu ya kuchangiwa itaozea mtungini.

Msiniambie watoke wote. Mtu anayesema wote anaogopa kumtazama mmoja usoni. Wala msiniambie wasameheane, kwani hakuna aliyeomba msamaha pale, nami siwezi kuwatilia maneno vinywani.

Tone la kwanza la mvua limekwisha kuanguka. Wanawake wamefunika vikapu vyao kwa kanga na wanataka kurudi makwao. Bi Kidawa anauliza kwa mara ya mwisho: yuko aliyeona akafuta, yuko aliyejua akanyamaza, yuko aliyeambiwa akapuuza. Je, nani kati yao ndiye aliyeua mbegu, na nani kati yenu atasimama amwambie, toka?