Chujio la Wageni

Wale mlioko mlangoni, ingieni ndani au nyamazeni. Habari hii si ndefu na sitairudia.

Alikuwepo mama mmoja. Kijiji chake sikitaji, maana nawajua: nikikitaja mtaanza kuulizana ni mke wa nani na ametoka ukoo gani, na neno lenyewe litawapita. Itoshe kusema ni kijiji kikavu chenye lambo moja. Ng'ombe wanakunywa hapo, mbuzi wanakunywa hapo, na watu wanachota hapo hapo upande wa pili, kana kwamba maji yana ukuta katikati. Mvua zikinyesha yana rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi yanakuwa mazito, ukiyaacha kwenye ndoo yatulie unakuta tope limelala chini vidole viwili.

Mama huyu alikuwa na watoto watatu hai na mmoja kaburini. Huyo wa kaburini aliondoka kwa kuhara, siku mbili tu, hata mwaka hajatimiza. Baada yake akamzaa binti mwingine, kitindamimba, na tangu siku alipomshika mikononi alikuwa na jambo moja moyoni: huyu asiondoke. Mtoto akikohoa, yeye anaacha jembe. Akikataa uji, yeye naye hali. Sikieni vizuri hapo. Alimpenda mtoto wake. Siwaletei habari ya mama mbaya. Habari ya mama mbaya mngeisikiliza mkijisifu, mkarudi nyumbani mmeshiba.

Basi, binti akiwa na miaka mitano hivi, wakaja akina mama wafinyanzi wa kata ya jirani, wamebeba machujio. Kitu chenyewe hakina maajabu. Ni chungu cha udongo uliochanganywa na pumba za mpunga. Kikichomwa kwenye tanuri, pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Chungu kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki chini. Unamimina maji ya lambo juu, yanapenya taratibu, uchafu unabaki kwenye chungu, chini unakinga maji meupe. Hakitaki kuni, hakitaki mafuta, hakitaki umeme. Bei yake jogoo mmoja. Mama akamkamata jogoo hata mume hakuulizwa.

Mfinyanzi aliyemkabidhi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akamwambia, "Mdogo wangu, chujio hili halina haraka. Kwa siku linakupa ndoo moja, basi. Kwa hiyo anza na watoto. Sisi matumbo yetu yameshapigana na kila uchafu wa dunia hii. La mtoto halijajua vita. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

"Wa kusikia wako wengi. Hebu rudia."

"Watoto kwanza."

"Haya, nenda."

Na kweli, kwa wiki tatu ilikuwa watoto kwanza. Chujio lilikaa jikoni, chini, kitindamimba akawa anafungua koki mwenyewe na kujimwagia kifuani. Tumbo lake likatulia. Mama akaanza kulala usingizi wa watu wengine.

Sasa siku moja, mchana wa jua kali, akapita mzee wa kanisa na baiskeli yake, shati limemganda mgongoni. Akakaribishwa, akaomba maji. Mama akakimbilia jikoni, akafungua koki. Tone moja, tone la pili, kwisha. Watoto walikuwa wametoka kunywa. Akafanyaje? Akachota ya mtungini, ya lambo, akayapeleka na glasi nzuri ili glasi ifunike aibu.

Mzee akaiinua glasi juani, akaitazama. "Dada," akasema, "haya ni ya kunywa au ya kutafuna?"

Mama mkwe, aliyekuwa kibarazani akichambua maharage, akaangua kicheko.

"Mimi nimesikia kwako siku hizi maji ni ya hospitali," mzee akaendelea. "Kumbe ni sifa tu." Akainywa nusu kwa heshima, akapanda baiskeli yake.

Alikuwa anatania, maskini. Lakini mnajua utani wa mzee wa kanisa unavyotembea. Kesho yake pale lambo wanawake wakamwona anakuja na ndoo. "Jamani, mpisheni mama wa maji ya kutafuna!" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Naye akacheka, maana usipocheka wanaongeza. Lakini lile neno lilimwingia kama mwiba wa mgunga.

Na ninyi mnaojifanya kumshangaa, niwaulize. Hakuna hapa mwenye glasi sita kabatini ambazo mwanawe hajawahi kuzigusa? Hakuna mwenye shuka jipya linalomngoja mtu wa kutoka mjini, huku mama yake mzazi anajifunika kiroba? Nyamazeni tu, sitaki majibu.

Siku ile ile chujio likahama. Likatolewa jikoni likapelekwa sebuleni, likapandishwa juu ya stuli, likavalishwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu, kile kilichokuwa kinafunika redio. Glasi zikapangwa pembeni. Na amri ikatoka: asiguse mtu. Mgeni anaweza kuingia saa yoyote. Yakibaki jioni, watoto watakunywa.

Yalibaki? Yatabakije! Maji ya chungu cha udongo yana ubaridi wake, tena hayanuki ng'ombe. Kijiji kizima kikapata mapenzi na nyumba ile. Mtu anatoka shamba lake la magharibi, kwake ni mashariki, lakini anazunguka kupitia kaskazini ili amsalimu mama. "Nimeona nipite tu, mama, nikujulie hali." Anajuliwa hali glasi mbili, anaondoka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mara nne kwa wiki moja. Mama akapata jina. Kule lambo hakuna aliyemcheka tena. Wakamwita mama mkarimu.

Na watoto? Watoto walirudi mtungini. Mama aliona, si kwamba hakuona. Lakini kila siku alijiambia leo yatabaki. Kesho yatabaki. Na mtoto alikuwa mzima, anakimbia, anaimba. Mtu akiwa mzima, nani anahangaika naye?

Ila yule kitindamimba alikuwa na akili. Siku moja mama yuko sebuleni anapanga glasi, akasikia mlango unagongwa.

"Hodi!"

"Karibu."

Akaingia mtoto, amejitanda kanga ya bibi yake inayoburuta sakafuni, amebeba mkoba wa mama. Akaketi kwenye kiti, miguu haifiki chini. "Shikamoo," akasema kwa sauti nzito. "Mimi ni mgeni. Nimetoka mbali sana, na jua ni kali."

Mama akashika mbavu kwa kucheka. "Marahaba, mgeni. Habari za huko mbali?"

"Nzuri. Ila nina kiu."

"Mgeni wangu, vyombo vya mchana umeviosha?"

Mtoto akaukumbatia mkoba.

"Basi mgeni, rudi kwenu ukaoshe vyombo."

Akaondoka na mkoba wake. Hakulia. Mama alikisimulia kisa hicho kule lambo, na akina mama wakacheka vizuri, wakasema mtoto huyu atakuwa mwanasheria.

Hakupewa, ndugu zangu. Hata nusu glasi. Chujio lilikuwa limejaa, ila siku hiyo walikuwa wanatarajiwa watu wa kwaya.

Mvua za kwanza zikaja kwa kishindo. Zikakokota samadi yote ya kiangazi, zikaimwaga lamboni. Wiki ya pili, asubuhi, mtoto akaamka analalamika tumbo. Kufika saa nne alikuwa amekwenda choo mara saba, macho yameingia ndani. Hapo mama akaikimbilia sebule. Akachukua glasi ya wageni, akaijaza mpaka juu, akamnyanyua kichwa. "Kunywa mama, kunywa yote, ni yako." Mtoto akanywa. Yakarudi. Akampa tena, yakarudi. Baba akampakia mama nyuma ya baiskeli, mtoto amefungwa kifuani pake, wakaikimbilia zahanati, na mama mkwe nyuma kwa miguu.

Nesi alifanya yote ya kufanya. Alitafuta mshipa kwenye kile kimkono mpaka akaupata, akatundika maji ya dripu. Wakati yanashuka akafungua daftari lake.

"Mama, nyumbani mnakunywa maji gani?"

Mama, hata katika hali ile, akajiweka vizuri kitenge. "Tuna chujio, nesi."

Nesi akaandika. Halafu akainua macho. "Na huyu? Alikuwa anakunywa ya humo?"

Swali fupi tu. Mama akamtazama mumewe, mume akatazama sakafu.

"Ya humo ni ya wageni," akajibu mama mkwe, ndiyo kwanza amefika mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza chumvi ilipo.

Saa nane mchana mtoto aliondoka.

Msiba ukajaa. Mama mkarimu amefiwa, nani atabaki nyumbani? Na chujio lilifanya kazi siku hiyo kuliko siku zote. Wanawake wakalijaza juu, wengine wakakinga chini, glasi zikazunguka kwenye sinia. Mzee wa kanisa alisali sala nzuri, ndefu, kisha akanywa, akasema, "Kweli maji ya mji huu ni baraka."

Mama alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefungwa. Kutoka pale alipokaa aliona ua wa nyuma kupitia mlango. Akamwona binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na moja, anapita na sinia kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa mzee yule, anapiga goti, anapokea glasi tupu. Sinia lilipokwisha kuzunguka, binti akaliweka chini. Akaenda nyuma kwenye pipa, akachota kikombe cha maji ya lambo, yale yale, rangi ya chai. Akakipeleka mdomoni.

Hakuna aliyemwambia akanywe pale. Alishajua mahali pake.

Mama akainuka. Mfiwa hainuki hivyo, wanawake wakamshika, akajichomoa. Akaingia sebuleni, akakivuta kile kitambaa kikaanguka, akalikumbatia chujio kwa mikono miwili, maji yanamwagika kifuani na miguuni, akakatiza katikati ya waombolezaji mpaka jikoni. Akaliweka chini, mkono wa mtoto unapofika.

"Mwaga hayo," akamwambia binti. "Njoo hapa. Kunywa nikikuona."

Mama mkwe akafika mbio. "We mwanamke, umepagawa? Msiba umejaa watu! Wageni watakunywa nini?"

"Watakunywa aliyokunywa mwanangu."

Mzee wa kanisa alikuwa na glasi mkononi, ina maji nusu. Akaitazama, hakujua aimalize au airudishe.

Naona mnafuta macho. Futeni, lakini sikuyafuata machozi yenu. Huko kwenye ule msiba pia walilia sana, na wapo waliorudi nyumbani wakimtafuta mchawi. Mchawi gani? Chujio lilikuwa zima, halijapasuka hata ufa. Wafinyanzi walifanya kazi yao. Mungu naye alileta mvua, kwa wakati wake. Yule mtoto alikufa kwa uchafu hatua tano kutoka kwenye maji safi, na waliomzunguka wote walimpenda.

Hao ndio sisi. Mna taa za jua mmezifunga sebuleni, wakati jikoni binti yenu anapuliza moshi gizani mpaka macho mekundu. Hilo moja. Lakini hata tusio na taa wala chujio tuna maji safi tunayoyafungia. Tukikutana hapa nje ya kanisa ni "karibu mpendwa, pole na safari, umependeza." Tukifika nyumbani, maneno hayo tumeyamaliza. Mume anapewa makapi ya sauti. Mtoto anayeuliza kitu mara mbili anaitwa mjinga. Baba huyu hapa, mtaani watu wanamgombania kwa ucheshi wake, akiingia uani kwake hata kuku wanakimbia. Tuna subira ya kumsikiliza mgeni saa mbili akisimulia habari za ng'ombe wake, na mwanao anakwambia "mama, tumbo" ukamjibu "subiri."

Na ubaya wake ni kwamba hawalalamiki. Wanazoea. Wanajifunza kwenda pipani wenyewe.

Leo ukifika nyumbani, wa kwanza kumpa awe yule anayelala chini ya paa lako. Mpe la kunywa, mpe na neno la kumpoza moyo. Mgeni akikuta yamekwisha akakucheka, mwache acheke, kicheko hakijazika mtu. Hao wageni siku yako ikifika watakuja, watakula, watakusifu, jioni kila mtu atashika njia ya kwake. Wa kurudi kesho yake kupalilia kaburi lako ni yule unayemwambia kila siku angoje. Kama utakuwa umemwacha hai.