Kanzu ya Mrisho wa Kandili

Geuza pindo kabla hujamtaja fundi. Methali hii haikutoka mbali. Ilianzia hapa Ujiji, uani kwangu, kwenye kanzu ya mtu mmoja mwenye tumbo.

Nimeitaja leo kwa sababu ya mjukuu wangu Nuriati. Redio ilikuwa inaeleza kwamba huko Afghanistan kuna wanawake wanaofundishwa kushona wakiwa majumbani mwao, wapate riziki bila kutoka nje, na Nuriati akabetua mdomo. "Nguo za uani hizo, bibi. Nani atavaa?" Wenzake wakacheka. Nikawapa methali, nao wakataka kujua imetoka wapi. "Basi kaeni," nikasema. "Na wewe Nuriati usiegemee hilo debe, lina mafuta."

Jirani yangu alikuwa Siwema, mke wa Mrisho. Huyo Mrisho alikuwa muuza kandili. Tangu ujana wake alizitembeza mitaani zikining'inia kwenye mti begani, ndipo watu wakamwita Mrisho wa Kandili. Kisha umeme ukaingia Ujiji. Kandili zikabaki dukani, naye akawa anazifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayengoja umeme uchoke, uende zake. Nyumbani kwake chai ilianza kunywewa bila sukari. Baadaye ikawa siku sukari ipo, majani hayapo.

Mwaka huo akaja mwalimu wa ushonaji, Mwalimu Adela, mwanamke wa Kasulu, na cherehani yake kwenye toroli. Alijua waume wa mtaa wetu hawapendi wake zao watoke, kwa hiyo badala ya kutuita darasani, alituletea darasa. Cherehani ikakaa uani kwangu, nasi tukafundishwa pale, wanawake watano. Siwema hakukanyaga barabara hata siku moja, maana ukuta wetu ulikuwa mmoja, na kwenye ukuta mlikuwa na kilango alimopita, kilekile tulimopitishiana kaa la moto na chumvi. Mrisho hakumkataza. Alisema, "Nenda, angalau utanung'unikia huko."

Mwalimu Adela alitaka kila mmoja wetu awe na alama yake: mishono mitatu ya uzi wa rangi, ndani ya pindo, mahali asipopaona mvaaji. "Si kwa ajili ya sifa," alisema. "Ni ili nguo ikirudi, nijue wa kumgombeza." Mimi nilichukua kijani, Siwema akachukua manjano. Na aliyeshona nguo tano za wateja, zikavaliwa bila kurudishwa, angepewa cherehani yake mwenyewe aiweke nyumbani, mradi mwenye nyumba akubali iingie.

Hapo Mrisho akakaza shingo. Alikuwa barazani kwetu, na mume wangu na wazee wengine. "Cherehani haiingii kwangu," alisema. "Watu watasema Mrisho analishwa na sindano. Siku nitakapovaa nguo ya Siwema mbele za watu, siku hiyo nitaibeba mwenyewe begani kama nilivyobeba kandili."

Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Siwema naye alisikia, yuko nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa ameshamaliza nguo nne.

Idd ilipokaribia, Mrisho akauza kandili mbili kwa bei ya hasara, akaenda sokoni kwa Fundi Hamdani, fundi wa wakubwa, akaagiza kanzu. Kumbe kazi zilikuwa zimemfika Fundi Hamdani shingoni. Alikuwa akikata vitambaa, anafunga kila furushi na karatasi ya vipimo isiyo na jina, anampelekea Mwalimu Adela, naye anatugawia sisi. Wateja hawakuambiwa.

Siwema akafungua furushi lake, akasoma karatasi, akakaa chini.

"Mgeni," akaniita kwa jina langu, "njoo uone tumbo."

"La nani?"

"Hili tumbo nimelipikia miaka ishirini na miwili. Hata likiandikwa kwa nambari nalijua."

"Basi mrudishie fundi, kabla hujaleta balaa."

"Nimrudishie kwa nini? Hii ndiyo ya tano."

Akaishona kwa siku tatu. Bega la kushoto la Mrisho lilikuwa limeshuka kwa ajili ya ule mti wa kandili, na kila kanzu aliyovaa maishani iliburuza vumbi upande mmoja. Karatasi haikusema hivyo. Siwema akalipandisha pindo la upande ule kiasi cha vidole viwili. Kisha akaongeza kitu kingine kisichoandikwa: mfuko mdogo kwapani, kwa ndani, unaotosha kikopo cha ugoro.

"Si ameacha ugoro?" nikamwuliza.

"Ameacha kuniambia," alisema.

Siku ya Idd wanaume wakakutana barazani kwetu kwa kahawa, sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Mrisho hakukaa. Alijizungusha wamwone mbele na nyuma.

"Tazameni pindo. Linagusa chini? Haligusi. Huyu ndiye fundi, siyo hawa wa uani wanaojitoboa vidole."

Fundi Hamdani alikuwa amekuja kusalimia. Akatazama ndani ya kikombe chake.

"Tena kanijulia hata mfuko," Mrisho akaendelea. "Sikumwambia mtu, akaniwekea."

"Mfuko gani?" Likamtoka Fundi Hamdani kabla hajafikiri.

"Huu wa kwapani."

"Mimi sikuweka mfuko, Mzee Mrisho."

"Sasa nani kaweka?"

Fundi Hamdani alikuwa mtu mkweli, dhambi yake ilikuwa kuchelewesha nguo tu. Akaweka kikombe chini. "Geuza pindo," akasema, "kabla hujanitaja tena."

Mrisho akainama, tumbo likamkatalia. Mume wangu ndiye aliyemgeuzia. Mishono mitatu ya manjano.

"Manjano ni ya nani?" Mrisho akauliza.

Tulikuwa tumebana midomo, lakini mimi ikanishinda. "Ya huyo anayekupikia," nikasema.

Siwema akanifinya, maana Mrisho akiirudisha ile kanzu, nguo ya tano imekufa, na cherehani imekwenda nayo.

"Na nikiirudisha kwa fundi sasa hivi?" Mrisho aliuliza, sauti imepungua.

"Irudishe, mume wangu," Siwema akajibu taratibu. "Lakini utafika nyumbani umevaa nini?"

Wazee wakazama kwenye vikombe vyao. Mrisho akajinyoosha, akapapasa kwapa. "Na ugoro umeujuaje?"

"Mtu anayepiga chafya saba chooni kila asubuhi, hayo si mafua."

Hapo kicheko hakikuzuilika tena. Kilipopoa, mume wangu akasema, "Bega, Mrisho."

"Bega gani?"

"Ulilotuahidi."

Mrisho akapiga hodi uani kwangu. Cherehani ya Siwema ilikuwa imeshaletwa na Mwalimu Adela ingoje nguo ya tano, imefunikwa kanga pembeni. Kilangoni tumbo halikupita, kwa hiyo ilimlazimu kuzunguka kwa barabara, na kanzu yake mpya, cherehani begani kushoto, watu wakimnyooshea mkono wa Idd naye hana mkono wa kupokea. Kila aliyemwuliza kanzu hiyo kashona fundi gani, alimjibu bila kusimama, "Geuza pindo kabla hujamtaja fundi, na unipishe, kitu hiki ni kizito." Kufika jioni, watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiyasema maneno hayo. Na si siku nyingi baadaye, chai ya nyumba ile ikakutana tena na sukari.

Nilipofika hapa nikamwona Nuriati ameinama. Alikuwa ameshika pindo la gauni lake, lile alilokuja kutuonyesha juzi kwamba mama yake kamnunulia kwenye duka kubwa la Kigoma mjini.

"Bibi," akasema, "mbona huku ndani mna uzi wa manjano?"

Nikamwambia asiniulize mimi, apige hodi nyumba ya pili. Siwema bado anashona, siku hizi na binti zake watatu, na madukani hawaulizi nguo zimetoka uani kwa nani.

Wenzake wote wakaanza kuinua mapindo yao. Sikuwa na haja ya kusema tena, Nuriati mwenyewe alisema, polepole, bado ameinama: geuza pindo kabla hujamtaja fundi.