Mwanamvua na Zimwi la Kivukoni

Sogeeni motoni, hadithi imefika. Hapo kale watu wa mlimani walipigana na watu wa bondeni, kwa kuwa kila upande ulimwomba Mungu kwa namna yake. Mwanamvua wa mlimani alimpenda Kilua wa bondeni, na baba yake Mwanamvua alishaapa kuwa hawataoana.

Siku moja binti akasikia Kilua amechomwa mkuki, amelala ng'ambo ya mto. Akachukua dawa, akashuka mbio. Kivukoni likainuka zimwi.

"Ikane imani yako, upite."

"Siwezi. Ndiyo iliyonilea."

"Basi mkane huyo kijana."

"Siwezi. Ndiye ninayemwombea."

"Basi keti hapo, naye afe."

Mwanamvua akaketi, akaomba huku akilia. Akamwombea Kilua, akawaombea watu wa mlimani na wa bondeni, kisha akaliombea zimwi, linalokaa peke yake katika maji baridi.

Tangu lizaliwe, hakuna aliyewahi kuliombea zimwi hilo. Likalaza mgongo wake juu ya maji, naye akavuka, akamtibu mpenzi wake mpaka akafumbua macho.

Mara baba akafika na jeshi lake. Zimwi likawaambia, "Mikuki haipiti."

Wanaume wakasimama ukingoni na mikuki yao. Mama yake Mwanamvua, aliyewafuata nyuma, akapita katikati yao mikono mitupu, akavuka, akapiga magoti kando ya Kilua.

"Mwanangu," akamuuliza kijana huyo, "umekula?"

Baba alipoyasikia hayo, akautua mkuki wake majanini, akavuka.

Nami naitua hadithi hapo, aipendaye aibebe.